Mpishi wa Mke Wangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, awalishaye viumbe wote naye halishwi, na rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake. Amani iwe juu yako nawe utakayelifungua daftari hili, uwe mwanangu, mjukuu wangu, au mpita njia aliyelikuta katika vitu vya marehemu. Mimi ni mwalimu wa dini. Nina umri wa miaka sabini na mitatu, na leo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nimewasha jiko la gesi kwa nia ya kupika.

Sababu ni hii. Mke wangu, ambaye tumeishi pamoja miaka arobaini na sita, ameshikwa na maradhi ya kusahau. Alianza kwa kusahau funguo, akaja akasahau majina ya wajukuu, na sasa amesahau njaa. Jirani yetu mshonaji hutuletea chakula, naye mke wangu hukitazama kama anayetazama mzigo wa mtu mwingine. Jana binti yetu, ambaye ni muuguzi katika mji ulio mwendo wa siku nzima kutoka hapa, alimpandisha mama yake juu ya mizani. Kilo arobaini na nne.

"Baba, hatuwezi kuendelea hivi. Nampeleka kwangu."

"Mama yako haendi popote."

"Basi njoo naye."

"Mwanamume haendi kufia nyumbani kwa mkwe wake."

"Nani ametaja kufa, Baba? Mimi nimetaja kula."

Tulibishana mpaka adhana, kisha tukapatana. Atarudi tarehe sita Desemba, mvua zikiwa zimekwisha. Akikuta kilo arobaini na nane, mama atabaki hapa. Zikipungua, atamchukua, nami sitatia neno. Nimeahidi mbele ya Mungu. Mizani ameiacha chini ya kabati.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri.

Nimewaza ni chakula gani kinachoweza kumrudisha mezani, na sikuona kingine ila jibini yake ya malai. Ilikuwa nyeupe na laini mno, hata kisu kilipita ndani yake bila kuhisi kitu. Asubuhi aliipaka juu ya mkate pamoja na asali. Mchana aliikoroga ndani ya supu ya boga, au aliijaza ndani ya kuku pamoja na majani ya mchicha. Wageni walipokuja aliioka keki, chini biskuti zilizopondwa kwa siagi, juu jibini na maganda ya ndimu.

Ni lazima nieleze jinsi jibini ile ilivyoanza. Miaka thelathini na mmoja iliyopita nilisoma kwamba jibini hugandishwa kwa dawa itokayo tumboni mwa ndama. Kwa kuwa hatumjui ndama huyo alichinjwa vipi, nikatamka darasani kwamba jibini zote za dukani zina shaka, na mcha Mungu huacha chenye shaka. Mke wangu hakubisha. Aliniomba maziwa, malai na ndimu, akaanza kuitengeneza mwenyewe. Tangu hapo nimemtolea mfano mbele ya wanafunzi mara zisizohesabika.

Basi leo nilichemsha maziwa na malai, nikakamulia ndimu, maziwa yakakatika, nikayamimina katika kitambaa cha shashi na kukining'iniza kwenye msumari ulio juu ya beseni, kama nilivyokuwa nikikiona kimetundikwa nilipopita. Jioni nilikifungua. Imetoka chengachenga.

Nilimpa kijiko kimoja. Aliitia ulimini, akaitoa kwa vidole.

"Nani amemwaga mchanga humu?"

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Amekunywa chai nusu kikombe.

Jumanne, 14 Oktoba

Mara hii nimeisaga kwa mwiko muda wa saa nzima. Mshonaji alipita kuleta nguo, akachungulia bakuli.

"Mwalimu, hii ni jibini au plasta ya ukuta?"

"Badala ya kunicheka, niambie mke wangu aliilainisha vipi. Wewe ulikuwa ukiingia humu kila siku."

Alianza kukohoa. "Ni mkono wa mtu, Mwalimu. Mkono haufundishwi." Akaondoka bila kuchukua kanga yake.

Jumapili, 19 Oktoba

Kilo arobaini na tatu na nusu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua haikati. Ukuta wa jikoni umeota ukungu upande wa dirisha. Hii ni jibini ya nane, nayo ni mchanga.

Nimegundua kwamba nilikula chakula cha mwanamke huyu miaka arobaini na sita bila kumwona akikipika. Nilikuwa sebuleni na vitabu vyangu. Kilichonifikia ni sauti tu. Alikuwa na wimbo asiokuwa na maneno, aliuimba puani akikoroga kitu, na mwiko ulipogonga ukingo wa sufuria mara mbili nilijua nifunge kitabu. Leo niliugonga mwiko mara mbili, kwa makusudi, ili niisikie sauti ile. Alinigeukia kwa adabu, kama mtu anayesubiri kuelezwa jambo.

Hanijui tena. Ananiita Mpishi. Mwanzo nilimsahihisha, naye akaona haya, akalia. Nimeacha kumsahihisha.

Jumapili, 2 Novemba

Kilo arobaini na tatu kamili. Sikula.

Jumatano, 5 Novemba

Leo naandika kirefu, nami namwomba Mungu anisaidie niandike kwa haki.

Baada ya swala ya adhuhuri nilikuwa nikisaga jibini ya kumi. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa jikoni, shuka magotini, akitazama mvua uani. Kisha akaniita.

"Mpishi."

"Labeka."

"Unajitesa bure."

"Kwa nini, mama?"

Alitupa macho upande wa sebule, akashusha sauti. "Mwenye nyumba yupo?"

Sikutaka kumdanganya. "Hayuko mbali," nikasema.

"Basi sogea. Hiyo hata uisage mpaka kesho haitalainika. Mimi mwenyewe ilinishinda. Miaka miwili nakamua ndimu, vidole vinachubuka, natoa mchanga. Nenda dukani ukanunue."

"Dukani?"

"Ya koponi. Mimi ananinunulia jirani, ananipitishia dirishani ndani ya nguo alizoshona. Naitoa kwenye kopo, naifunga kwenye shashi, naitundika pale." Akaonyesha msumari. "Mwalimu akipita anasimama, anasema, 'Tazameni mikono ya mcha Mungu!'"

Akacheka, mabega yakamtikisika. Kicheko hicho sijakisikia tangu mwaka juzi, nami nilikuwa nimeshika mwiko, sijui nicheke naye au niondoke.

"Hukuogopa?" nikamuuliza.

"Nimwogope yule? Yule ana sauti tu. Nilimwogopa Mungu. Nilimwambia, Mola wangu, mtu wako huyu amejinyima kitu kizuri bila kuuliza, na akinyimwa kitu kizuri anakuwa mchungu kwa watoto. Dhambi niandikie mimi, raha mwandikie yeye." Alitengeneza shuka magotini. "Usije ukamwambia."

"Hatalisikia kinywani mwangu."

"Mungu akubariki. Una uso wa mtu mwema."

Nilitoka nikasimama barazani. Kwanza nilighadhibika, na sitaficha hilo. Miaka ishirini na tisa kitu cha shaka kimepita kooni mwangu, na mimi nikikitolea hotuba. Nilitembea barazani huku na huko, nikazitafuta aya za kumhukumu mke, na nilizipata, kwa kuwa nimezisoma. Kisha nikalirudia lile neno lake, "bila kuuliza", nikajikuta nimeketi. Kweli nilisoma ukurasa mmoja wa kitabu kimoja, nikalitangaza. Sikumuuliza mtengeneza jibini hata mmoja. Naye hakunibishia, kwa kuwa alijua hasikilizwi, bali alibeba mzigo wa hukumu yangu mwenyewe, akanipikia.

Niliporudi jikoni alikuwa amesinzia kitini.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilimvizia mshonaji langoni.

"Jirani, miaka yote hii mmekuwa mkinilisha nini?"

Alinitazama, akajua kwamba yamefichuka. "Nilichokula mwenyewe, Mwalimu. Na hukufa."

"Nawe hukuona haya?"

"Niliona. Lakini ulikuwa unaomba nyongeza."

Nilichukua mwavuli nikaenda dukani. Muuza duka alinipa kopo, nikavaa miwani nikasoma ubavuni: maziwa, malai, chumvi, chachu ya maziwa. Namba ya kiwanda imeandikwa chini. Nilipiga hapo hapo, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yangu, nikamuuliza aliyepokea habari za dawa ya ndama.

"Mzee, hii hatutii dawa hiyo," akasema. "Tunatia chachu, inaganda yenyewe, kama maziwa ya mgando. Jibini ngumu ndizo watu huzigandisha kwa dawa, nazo siku hizi nyingi si za ndama. Kwani kuna tatizo?"

"Kulikuwa na tatizo," nikamwambia. "Lilikuwa kwangu."

Mazungumzo yalichukua dakika tatu. Dakika hizo ningeweza kuzitoa miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Ijumaa, 7 Novemba

Mwalimu aliyekosea hadharani hurudi hadharani. Darasani, wanaume mbele na wanawake nyuma ya pazia, nilisimama nikasema kwamba nilitamka juu ya jambo nisilolichunguza, kwamba jibini ya malai ya koponi ni halali kwa wanaoisoma karatasi yake, na kwamba namwomba Mungu msamaha kwa kila aliyepata taabu kwa ajili ya neno langu. Sikumtaja mke wangu. Siri yake si yangu.

Kisha mchinjaji mzee wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nyumbani kwangu kuna shashi msumarini huu mwaka wa ishirini. Sasa yangu ilikuwa ya ndimu au ya kopo?"

"Kamuulize mkeo," nikasema.

Nyuma ya pazia kulilipuka kicheko, tena si cha mtu mmoja. Kilidumu muda mrefu kuliko heshima ya darasa inavyoruhusu, nami niliona kwamba wamestahiki kucheka.

Jumamosi, 8 Novemba

Supu ya boga. Vijiko vitatu vya jibini ya koponi, chumvi, pilipili manga kidogo. Nikakoroga mpaka ikawa rangi moja.

Amekula. Ewe Mola, amekula. Alikunywa kijiko cha kwanza, kisha akashika kijiko mwenyewe.

Sahani ilipobaki robo akaisukuma kando, akaifunika kwa kisahani. "Hiyo ya Mwalimu," akasema. "Akirudi atakuwa na njaa."

Nilingoja asinzie, nikaila.

Jumanne, 11 Novemba

Viazi vya kuponda kwa jibini na vitunguu vya majani. Amekula. Ya Mwalimu imefunikwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Tende zilizotolewa kokwa na kujazwa jibini. Amekula tano, ameniwekea mbili.

Jumapili, 16 Novemba

Kilo arobaini na nne na nusu. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo, nami sikuisikia.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimejifunza mambo ambayo vitabu vyangu havikunifundisha. Jibini iliyotoka kwenye jokofu haikubali kuchanganyika, sharti uiache mezani mpaka ubaridi uitoke. Ndani ya kuku itiwe kidogo, la sivyo hutoroka yote na kuungua sufuriani. Katika keki usipige mayai kwa hasira, itapasuka katikati. Keki yangu ya kwanza ilipasuka. Alitia kidole katika ufa, akakilamba, akasema, "Tamu. Mwalimu hupenda ukingo." Akaukata ukingo wote, akauweka kando.

Sikuwahi kumwambia kwamba napenda ukingo. Alitazama tu nilikoanza kula.

Nilikuwa nikiamini kwamba mimi ndiye niliyemfahamu mwenzangu. Sasa nakaa mbele yake mezani, nayasikia anayoyajua juu ya mtu yule, na wivu unanishika. Anamngoja. Kila gari likipunguza mwendo barabarani anainua shingo. Mimi namkosa aliye mbele yangu, naye anamkosa aliye mbele yake, na kati yetu kuna sahani iliyofunikwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Kilo arobaini na sita. Mvua zimeanza kupungua. Nilikuwa nikiomba zikome, sasa naomba ziendelee.

Jumatano, 3 Desemba

Jua siku nzima. Mkate, jibini, asali. Mkate, jibini, nyanya. Amekula.

Ijumaa, 5 Desemba

Kilo arobaini na saba. Kesho binti anakuja.

Leo asubuhi nilitia kufuli la lango la ua mfukoni mwa koti lake zito, nikampandisha juu ya mizani. Arobaini na nane na zaidi kidogo. Nilisimama nikiitazama namba ile. Nikajiambia kwamba yeye naye alinificha jambo kwa mapenzi. Kisha nikaona tofauti. Yeye alificha ili mimi nipate raha. Mimi ningeficha ili nisiachwe peke yangu. Nimelitoa kufuli, nikalirudisha langoni.

Jumamosi, 6 Desemba

Binti alifika mchana. Kabla ya kushika mizani nilimwomba aketi ale. Nilipika kuku wa kujaza na, kwa kumalizia, keki, nayo haikupasuka. Alimtazama mama yake akila, hakuamini. Kisha akamwona akikata robo, akiifunika.

"Ya nani hiyo, Mama?"

"Ya baba yako. Huyu mpishi anajua."

Alinitazama. "Kila mlo?"

"Kila mlo."

"Na nani anaila?"

Nikaanza kukusanya sahani. Alimpandisha mama yake kwenye mizani: kilo arobaini na saba na gramu mia mbili. Akaisoma mara mbili. Kisha akaniambia, "Panda na wewe, Baba." Nilikataa, akanishika mkono kama wauguzi wanavyowashika wakaidi. Nimeongezeka kilo tatu tangu aliponipima mwezi wa Oktoba.

"Kumbe kilo za Mama zimo humu," akasema, akanigusa tumbo, akacheka, kisha hakuweza kuendelea kucheka. "Baba, tuseme arobaini na nane. Nani atajua?"

"Mimi na wewe na aliye juu yetu. Tulipatana. Hazikutimia. Mchukue."

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo wiki nzima, nayo yalitoka bila kutetereka. Mke wangu alikuwa akisikiliza, akigeuza uso kwangu na kwake.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwangu, Mama. Ukakae nami."

"Na mpishi haji?"

Binti aliinamisha kichwa, akanipa nafasi ya kujibu mwenyewe. Nilizikumbuka sebule na rafu zangu, na darasa, na lile neno langu kuhusu nyumba ya mkwe. Mwanamume mwenye heshima yake haendi. Lakini aliyealikwa hakuwa mwanamume mwenye heshima yake.

"Mpishi anakuja," nikasema, "kama mwenye nyumba ya huko atampa jiko."

"Baba, mume wangu atakupa hata chumba chake. Hajui kuchemsha yai."

Darasa nimempa mwanafunzi wangu mkubwa. Nilimwachia wasia mmoja tu: aulize kwanza.

Jumapili, 7 Desemba

Anga safi. Gari lilikuwa langoni, mizigo ndani, na mke wangu amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Siondoki. Mwalimu akirudi atakuta mlango umefungwa. Atadhani nimemkimbia."

Binti alifungua kinywa kusema, "Mama, Baba ndiye huyu," nikamwashiria asiseme.

"Tumwandikie barua," nikasema.

Alinipima kwa macho. "Mpishi, wewe unajua kuandika?"

"Kidogo."

Nilichana karatasi katika daftari hili hili, nikaiweka juu ya goti. Alisimama wima, akasema taratibu, nami nikaandika:

"Mume wangu. Nimekwenda kwa mtoto wetu, sikwenda kwingine. Usikae barazani na kikohozi chako. Nimekwenda na mpishi, ni mtu mzuri ila anazungumza peke yake. Nimekungoja sana. Ukifika usivue viatu, njoo moja kwa moja."

"Isome."

Nilisoma. Nilipofika "nimekungoja" sauti ilinikatika, nikaanza upya, ikakatika tena.

"Husomi vizuri," akasema kwa huruma. "Mwalimu angeisoma bila kusimama. Haya, ibandike."

Nilimwomba mshonaji gundi, naye akaleta pini zake. Nikaiweka karatasi juu ya ubao wa mlango.

"Chini mno hapo. Yeye ni mrefu. Panda kidogo. Kidogo tena." Nikaipandisha mpaka usawa wa macho yangu. "Hapo. Hapo ataiona."

Akauachia mlango, akanipa mkono, tukateremka ngazi.

Ewe msomaji, Mungu akuruzuku nyumba yenye meza, na meza yenye wenzako, na macho ya kuwaona wangali wameketi. Aibariki mikono inayokupikia, awasamehe waliokuficha kwa mapenzi na waliohukumu kwa haraka, na akiwatawanya watu wa nyumba yako, awakusanye tena pasipo na kusahau. Amina.